Nyumba ya Bwana Dosari

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimcheka. Msikatae, hata mimi nilimcheka. Tunamkumbuka fundi saa wa pale sokoni, yule mliyempachika jina la Bwana Dosari. Alifariki Jumanne iliyopita asubuhi, mezani kwake, lenzi ikiwa bado jichoni. Alikuwa na miaka sitini na minane. Ameacha mke, ambaye ni dobi, na binti mmoja, ambaye ni muuguzi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: fundi saa, Bwana Dosari, hatunaye tena.

Haya ninayowasimulia tumeyapata kwa mjane wake. Alikuja hapa studio juzi kwa miguu, akakaa, akakataa maji. Hajalia tangu siku ya msiba.

"Nimekufa ganzi," alisema. "Watu wananipa pole, naona midomo inacheza. Naitikia asante, asante. Nikishaitikia sikumbuki nimemwitikia nani."

Siku ya pili baada ya maziko alipiga pasi mashati kumi na tisa ya wateja. Aliyakunja yote, akayapanga, ndipo akagundua kuwa la chini kabisa lilikuwa bado bichi. Akalitoa, akaanza upya.

Sasa, hilo jina la Bwana Dosari lilitoka wapi? Ukimlipa fundi huyu, sarafu hakuitia mfukoni kama binadamu wengine. Aliitia lenzi kwanza. Alitafuta makosa ya kiwandani: herufi zilizopigwa mara mbili, picha iliyohamia pembeni, ukingo uliopungua kama biskuti iliyong'atwa. Wewe umesimama unasubiri chenji, yeye anahesabu meno ya ukingo. Ukilalamika, anakwambia, "Haraka ya nini, na saa yako ninayo mimi?"

Alikuwa na kanuni moja, nayo muishike vizuri. Kosa la kuzaliwa lina bei. Kovu la mtaani halina bei. Sarafu iliyotoka kiwandani na kasoro, wakusanyaji wanaitafuta. Iliyoharibikia mikononi mwetu, basi tena. Muuza nyanya mmoja alimletea sarafu iliyopinda, ameifunga kwenye leso mara tatu, usiku kucha hakulala kwa kupanga matumizi. Fundi akaitazama. "Mama," akamwambia, "hii imekanyagwa na gari." Muuza nyanya hakumsalimia mwezi mzima.

Zile zenye kosa la kweli alizitunza kwenye mkebe wa biskuti, kila moja na bahasha yake ndogo, bei imeandikwa juu kwa penseli. Na kila mwenye nyumba alipopandisha kodi, fundi aliugonga mkebe kwa kidole. "Usihofu, bibie," alimwambia mkewe. "Nyumba yetu imo humu." Mtaa mzima uliijua kauli hiyo. Watoto waliiigiza.

Pale msibani dada wa marehemu aliidhihaki mbele ya watu. "Kaka yangu alikuwa fundi hodari, Mungu ampumzishe. Lakini kwenye hizo sarafu alikuwa anaota. Wifi, uza mkebe wenyewe, utamfaa mtu kuwekea unga." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuziba mdomo kwa kanga. Mjane alitaka kumjibu, ila naye hakujua. Je, nyumba ilikuwamo kweli, au ameishi na mtu wa ndoto? Hilo ndilo lililomsumbua.

Ijumaa binti akamwita mnunuzi wa sarafu, rafiki wa marehemu wa miaka mingi. Mzee yule alikaa kwenye meza ya kupigia pasi, akafungua bahasha moja moja kwa saa tatu. Penseli ya marehemu haikukosea hata mara moja. Bei zote zilikuwa sawasawa. Akajumlisha.

"Kitanda kizuri na godoro lake," alisema.

"Kitanda si nyumba," mjane akasema.

Ikabaki bahasha moja isiyo na bei. Mzee akaifungua. Ilitoka sarafu inayong'aa kama kioo. Kila herufi ilikuwa na pacha wake, na picha imehama upande. Makosa mawili makubwa kwenye sarafu moja. Mzee akavua miwani.

"Hii ndiyo nyumba yenu," alisema. "Yaani ilikuwa. Vyumba viwili na ua. Kisha kuna mtu akaisugua. Ikisuguliwa, ule uso wa kiwandani umekwenda. Hakuna mkusanyaji atakayeigusa."

Mjane aliitambua. Miaka ishirini na sita nyuma aliikuta kwenye mfuko wa suruali ya mumewe, nyeusi, imefifia. Mume alikuwa ametoka kuugua, hana raha ya kitu. Mke akaona amfurahishe. Akachukua majivu na ndimu, akaisugua mpaka vidole vikamwasha, akampa. Mume akaigeuza huku na huku. Kisha akasema, "Imependeza sana." Akala chakula chake, akaomba na kingine.

"Alijua?" mjane aliuliza.

"Alijua. Wiki moja kabla hujaisugua aliileta kwangu, tukapatana bei, nikamwomba anipe muda nitafute fedha. Wiki iliyofuata akarudi nayo inang'aa. Nilimwambia, nenda kamweleze mkeo alichofanya. Akasema, 'Nimweleze nini? Mwenzangu kanipa zawadi.'"

Wasikilizaji wapendwa, miaka ishirini na sita tulimcheka naye anajua. Neno moja lingetunyamazisha sote, lakini lingemwangukia mkewe. Akameza.

"Afadhali angenigombeza," mjane alituambia, sauti haikupanda wala kushuka. "Tungenuniana wiki nzima, yakaisha. Sasa nikamwombe nani radhi?"

Kwa niaba ya kituo hiki, tunawapa pole mjane, binti, dada wa marehemu, na mafundi wote wa sokoni. Nawe unayetusikiliza, mtazame uliye naye hapo nyumbani. Kama kuna jambo umelimeza kwa ajili yake, au yeye kwa ajili yako, mlizungumze leo mkiwa wote wawili mnasikia.

Binti alimsihi mama yake haya yabaki ya ndani. Mama alikataa, na hilo ndilo lililomtoa kwake kuja kwetu. Alitutaka tuyasome maneno yake bila kuyapamba:

"Semeni nyumba ilikuwamo. Semeni mume wangu hakuwa anaota. Aliyeisugua ni mimi, dobi wa nyuma ya soko, na wifi yangu asikie."