Damaris Nyangi, Askari wa Hosteli ya Wasichana (1955–1999)

Damaris Nyangi, mjane wa Cephas Rateng', alizaliwa tarehe 2 Mei 1955 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Ntimaru, upande wa Kuria, kusini mwa Migori. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mniko na Mama Gati. Wimbi shambani lilipoanza kukomaa yeye ndiye aliyepandishwa kwenye kichanja ili afukuze ndege. Siku moja usingizi ulimchukua, na alipozinduka ndege walikuwa wamekwisha kula na kwenda zao. Mzee Mniko hakumchapa. Alicheka hadi akaketi chini, akawaambia majirani kwamba mtoto huyu Mungu amjalie kazi yoyote ile, ila isiwe ya ulinzi. Marehemu aliipenda sana hadithi hiyo na aliisimulia akiwa amevaa sare.

Alisoma shule ya msingi karibu na kwao hadi darasa la saba, akafanya mtihani mwaka 1970 na kufaulu. Nafasi ya sekondari aliipata, lakini Mama Gati alifariki Desemba ya mwaka huo huo na wadogo wake walikuwa wakingali wadogo. Alibaki nyumbani akawalea. Kiingereza alichojifunza hakukiacha kipotee. Alisoma kila gazeti lililofungiwa sukari au chumvi, akalikunjua na kulinyoosha kwanza kwa kiganja.

Mwaka 1973 aliolewa na Cephas Rateng', fundi wa mashua kutoka hapa Kisegi, ambaye alikuwa amekwenda Migori kutafuta mbao. Alikuja hapa bila kujua neno la Kijaluo, na mwaka haukwisha kabla hajaanza kuota kwa Kijaluo. Hata hivyo watu wa boma walimwita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na hawakuacha. Walijaliwa watoto wawili, Byron mwaka 1974 na Lynnet mwaka 1978. Cephas alifariki kwa ugonjwa wa kifua tarehe 9 Novemba 1987. Wazee walipoketi, waliamua kwamba mjane arithiwe na shemeji yake, Bwana Jared. Alikataa. Aliambiwa kwamba anayekataa kurithiwa asitarajie mkono wa mtu siku nyumba yake itakapovuja. Akawachukua watoto wake akahamia Homa Bay.

Huko alilinda ghala la pamba kwa miaka mitatu. Mwaka 1991 tawi la chuo kikuu lilifunguliwa nje ya mji, na idara ya usalama ikatafuta wanawake wa kulinda hosteli ya wasichana. Akaajiriwa chini ya mkuu wa usalama, Bwana Omwenga. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye lango la vyuma la hosteli na kuangalia nani anaingia na nani anatoka. Lakini msichana aliyeumwa alimpeleka zahanati yeye mwenyewe akiwa amemshika mkono, na wanaume waliojaribu kuruka ua aliwarudisha kwa maneno makali kuliko rungu. Wasichana walimwita Mama Lango. Alijifanya hapendi jina hilo.

Oktoba 1994 mwanawe Byron aliitwa kusoma katika tawi hilo hilo. Hakuna siku aliyofurahi kama hiyo. Juma la kwanza Byron alimfuata chumbani kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi, akamwomba kitu kimoja: wakikutana ndani ya chuo, wasijuane. Wenzake walikuwa wana wa wakurugenzi na wakuu wa wilaya, na hakutaka wajue kwamba mama yake ni askari. Marehemu alikubali. Tangu siku hiyo, kila Byron alipopita, mama alimwita "mwanafunzi" na kumwomba kitambulisho kama alivyowaomba wengine, naye Byron alikitoa bila kuinua macho. Lynnet alipomuuliza kama haimuumi, alijibu kwamba kijana anasoma, na hilo linatosha. Aliendelea kumpikia chapati kila Ijumaa, Lynnet akazipeleka.

Alhamisi tarehe 14 Machi 1996 wanafunzi walikuwa katika siku ya tatu ya mgomo. Wasichana wengi hawakutoka kuandamana, na baada ya chakula cha mchana kundi la wavulana lilianza kupanda kuelekea hosteli yao kuwatoa kwa nguvu. Njiani walitaja kwa sauti watakachowafanya. Kabla hawajafika, Bwana Omwenga alikuwa ametoa amri kwamba askari wote wakusanyike jengo la utawala kulinda ofisi na magari. Marehemu alimuuliza kuhusu wasichana. Omwenga alimjibu kwamba wasichana wajifungie.

Askari wenzake waliteremka. Yeye hakuteremka. Alilifunga lango kwa nje, akapitisha ufunguo katikati ya vyuma, akamkabidhi msichana mmoja aitwaye Mourine, na kumwambia asimfungulie mtu yeyote mpaka asikie sauti yake yeye. Kisha akageuka na kusimama na mgongo wake kwenye vyuma.

Wavulana walipofika walidai ufunguo. Aliwaambia uko ndani. Wakamwamuru awaambie wasichana wafungue, akakataa. Ndipo mmoja wao, aliyekuwa amezoea kumwona Lynnet akitoka chumbani kwa askari huyo na kumpelekea Byron chapati, akapaza sauti kwamba huyu ni mama yake Byron, na Byron amtoe. Byron alikuwa nyuma. Walimsukuma hadi mbele.

Marehemu alisimulia jambo hili mara moja tu, kwa Lynnet, na lilivyosimuliwa ndivyo linavyosomwa hapa. Mwaka na nusu ulikuwa umepita bila mtoto huyo kumwita mama mbele ya watu.

"Mama," Byron alisema, "waambie wafungue. Usiniaibishe."

Marehemu alimtazama. Alisema moyo wake ulifanya kama wa mtu anayeitwa kutoka mbali, na miguu yake ikataka kwenda. Halafu akawasikia wasichana nyuma ya mgongo wake, wakilia kwa kujizuia.

"Mwanafunzi," alimjibu, "rudi bwenini kwako."

Kundi lilicheka. Walimcheka Byron, wakamcheka mama yake, wakamuuliza kijana kama naye atarithi rungu. Byron aliinama, akaokota jiwe, na ndilo la kwanza lililorushwa. Lilimpata marehemu kwenye jicho la kushoto. Yaliyofuata yalirushwa na wengine. Alianguka, lakini alikuwa ameupitisha mkono wake katikati ya vyuma, na wasichana waliushika wasiuachie. Lango halikufunguka. Polisi walifika baada ya saa nzima, na walipomwondoa pale ilibidi wasichana wabembelezwe waachilie mkono ule.

Jicho halikuokolewa. Mwezi wa Mei kamati ya nidhamu ilimwita aseme aliowatambua. Aliwataja vijana wanne, akaanza na wa kwanza: Byron, mwana wa Cephas Rateng', mwanangu. Mwenyekiti alimuuliza kama anaelewa anachokifanya. Alijibu kwamba anaelewa, na kwamba akiwataja watoto wa wenzake na kumficha wake, basi bora wamtoe na jicho lililobaki. Wasichana nao walikuwa wameitwa kutoa ushahidi. Waliambiwa pembeni kwamba kesi ikiwa ndefu masomo yao yatachelewa, na hakuna hata mmoja aliyekuja.

Wale wavulana wengine watatu walikuwa na baba. Baba zao walikuja na magari yao, wakazungumza na wakubwa, na muhula uliofuata vijana wale walirudi darasani. Byron alifukuzwa chuo. Juni mwaka huo huo marehemu naye aliachishwa kazi kwa kosa la kukaidi amri ya mkuu wake na kutofika alikopangiwa. Katika mkutano huo huo Bwana Omwenga alipongezwa, kwa kuwa jengo la utawala halikuvunjika hata kioo.

Alirudi hapa Kisegi kwenye nyumba ya mumewe. Paa lilikuwa limeoza. Bwana Jared alisimama mbele ya wazee, na wengi wao wameketi hapa leo, akasema nyar Kuria amemla mtoto wa ukoo huu kwa mdomo wake, na atakayepandisha bati juu ya nyumba hiyo ni adui yake. Hakuna aliyepandisha bati. Mvua ya vuli aliipitisha kwenye kona moja yeye na binti yake, wamejifunika turubai. Asubuhi aliwasalimu majirani kwa heshima ile ile aliyowasalimu nayo alipokuwa bibi harusi. Waliitikia waliotaka. Alipata riziki kwa kuuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni, na wateja wengine walimpita wakaenda kwa muuzaji wa pili, wakisema jicho lile linawatia kisirani.

Mourine alikuja kumwona mara moja, mwaka 1998, akiwa tayari ni mwalimu huko Ndhiwa. Alipiga magoti akaomba msamaha kwa kutotoa ushahidi. Marehemu alimwinua, akamuuliza kama wenzake wote walimaliza masomo salama. Aliposikia kwamba wote walimaliza, alicheka vizuri, kama zamani.

Maumivu ya kichwa hayakuwahi kumwacha tangu siku ile. Mwanzoni mwa mwaka 1999 yaliongezeka, akaanza kuanguka na kupoteza fahamu. Madaktari wa Homa Bay walisema mfupa ulioumia nyuma ya jicho umeingiza ugonjwa ndani, na amechelewa kuletwa. Mwezi wa Julai alimtuma Lynnet aende Isebania, mpakani, ambako Byron alikuwa akipakia magunia kwenye malori, amwambie mama anamwita. Lynnet alimkuta. Byron hakuacha kufunga kamba. Alisema mama yake alimuuza kwa wakubwa wake kule chuoni, na huyo anayeumwa yeye hamjui.

Lynnet alirudi akajaribu kuyalainisha maneno hayo, lakini marehemu alitaka ayasikie kama yalivyosemwa. Akaambiwa. Akauliza kama mtoto amekonda.

Alifariki Alhamisi tarehe 5 Agosti 1999, saa nne asubuhi, katika hospitali mjini Homa Bay, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Wazee waliagiza mazishi yangoje mwana wa kwanza aje kutia udongo wa kwanza, na wajumbe walitumwa Isebania mara mbili. Mara ya pili walikuta amevuka mpaka. Leo ni Jumamosi tarehe 21, na maiti haiwezi kungoja zaidi. Udongo wa kwanza atautia Lynnet. Asiyeridhika na hilo anaombwa anyamaze mpaka kaburi lijazwe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Byron na Lynnet. Dada yake Teresa wa Ntimaru. Na shemeji yake Jared. Aliagiza kwamba jina la Byron litajwe la kwanza, na baada yake lisiongezwe neno lolote baya. Yaliyosomwa juu yake yamesomwa kabla. Jina limetajwa.

Mama, hakuna anayekuita sasa. Mwenyezi Mungu akupe usingizi usio na maumivu.