Mwalimu Bado na Swali la Tisa

Marehemu kaka yangu hakuwahi kumwekea alama ya kosa mwanafunzi aliyeandika "haijulikani" pale ambapo kweli haikujulikana. Kanuni hiyo aliishika tangu siku yake ya kwanza darasani, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Bado.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, nyumba ya pili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo. Mimi nilimfuata baada ya miaka saba. Ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kuandika.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1982, akafundisha fizikia shule moja kwa miaka ishirini na sita. Alisema hesabu ikitoa jibu lisilo na mwisho, mara nyingi ni fomula iliyofika ukingoni, si maumbile. Kuhusu ulimwengu alisema, "Tunaona mpaka pale ambako mwanga umetufikia. Zaidi ya hapo, bado."

Mwaka 1985 alikwenda kuposa. Baba mkwe, muuza vipuri, alimuuliza atampenda binti yake mpaka lini.

"Mzee, nimepima miaka mitatu tu. Iliyobaki sijaifikia."

Wifi yangu alicheka nyuma ya pazia. Ndoa ilifungwa tarehe 7 Septemba.

Novemba 2008 tulisahihisha mitihani ya taifa kituo kimoja, nami nilikuwa kiongozi wa jopo. Swali la tisa liliuliza kama ulimwengu una mwisho. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka "hauna". Yeye aliwapa alama zote walioandika "haijulikani".

"Kaka, mwongozo ni mwongozo," nilimwambia.

"Nani amekwenda akarudi, mdogo wangu?"

Nilicheka na wenzangu, kisha nikawaandikia wakubwa barua ya kumshtaki, bila kuweka jina langu. Aliondolewa darasani, akapewa kutunza stoo ya maabara. Mwaka 2013 mwongozo ulirekebishwa, ukakubali jibu lake. Nilipaswa kuandika barua ya pili ili arudishwe. Sikuandika, kwa kuwa niliona haya kukiri kosa mbele ya watu niliowaongoza.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Hospitalini nilimweleza kwamba barua ile ilikuwa yangu.

"Mwandiko wako niliujua siku ile ile walipinionyesha barua," alisema. "Nilikuwa nasubiri ya pili."

Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi. Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.

Barua yangu ilimweka nje ya darasa miaka kumi na moja, mpaka akastaafu.