Alilisha Kwanza, Ndipo Akauliza

Ndugu waombolezaji, naomba wale wanaonong'ona kule nyuma wanyamaze kidogo, tumsome mdogo wetu, kwa maana yeye mwenyewe aliagiza historia yake isomwe yote bila kupakwa rangi, na mimi dada yake sina ubavu wa kubishana na marehemu.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa baba seremala na mama mshonaji, mbele yake tukiwa kaka yetu mkubwa na mimi. Baba alifariki mwaka 1965, na tangu hapo kaka ndiye aliyekuwa baba, akaacha shule, akauza mafuta ya kupikia kwa kikombe, nyumba kwa nyumba, bega limechunika kwa kubeba dumu, ili huyu asome. Akasoma shule ya msingi hadi 1971 na sekondari ya wavulana hadi 1975, na karo ilifika kwa noti zilizolowa mafuta, mpaka karani wa shule akawa anazianika dirishani.

Alijiunga na polisi Januari 1977, akawa mpelelezi mwaka 1984, na wenzake walioko hapa wanajua kwamba hakumhoji mtu mwenye njaa, akisema mwenye njaa huungama hata asichokifanya ili mradi aachwe akale. Kila mtuhumiwa alikula kwanza chakula alichobeba marehemu kutoka nyumbani, wenzake wakamtania wakimwita Baba Lishe, naye akicheka nao, maana kesi zake hazikuanguka. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na mwalimu wa chekechea, mpishi wa chakula hicho, wakajaliwa binti na kijana.

Mwaka 1996 transfoma za mitaa ya kusini zilianza kuungua moja baada ya nyingine, kwa kuwa wezi walikuwa wakizifyonza mafuta yanayozipoza, mitaa ikakaa gizani, mama mmoja akajifungua kwa mwanga wa tochi na mtoto hakupona, na marehemu akakabidhiwa kesi. Tarehe 21 Oktoba alikamatwa fundi umeme aliyekuwa akifanya wizi huo, na kama ada akawekewa sahani ya viazi vya kukaanga. Fundi hakugusa, akauliza mafuta yamenunuliwa wapi, marehemu akamjibu kwa fahari kwamba kwake hayanunuliwi, yanatoka dukani kwa kaka yake, ambaye humpelekea kila ndugu dumu zima kila mwezi, na ni mafuta mazuri, hayaishi upesi kwenye karai. Fundi akaisukuma sahani, akainama, akasema Afande, wewe umenitendea wema, basi usile haya, na wanao wasile.

Marehemu alilibeba lile dumu la jikoni mwake hadi maabara, na majibu yalipoonyesha kwamba mafuta ya kupikia yamechanganywa na ya transfoma, yale fundi aliyokuwa akimuuzia kaka, akaenda dukani mwenyewe, akamnyang'anya mteja chupa mkononi, akafunga mlango, akatembea na kaka hadi kituoni bila pingu. Kesi akamwachia mwenzake, yeye akasimama kutoa ushahidi, na kaka akafungwa miaka saba.

Ukoo ulimtupia ile methali ya mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi, na mama yetu aliaga dunia mwaka 1999 bila kumsemesha tena. Lakini kilichomla si maneno yetu. Mahakamani kaka alisema madumu ya ndugu yalichanganyika stoo kwa bahati mbaya, sote tukashikilia hapo, na marehemu akabaki na swali moja, kama kaka alijua anatulisha nini, akalibeba miaka yote akiogopa jibu, yeye aliyekuwa akiuliza maswali kwa mshahara.

Alistaafu mwaka 2018, ini likaanza kumsumbua, akalazwa hospitali ya rufaa tarehe 6 Februari 2023. Daktari alitueleza kwamba hawezi kusema kama ni yale mafuta, wala hatajua mtu, na tukatoka mle chumbani hatutazamani.

Tarehe 19 mchana kaka alikuja, hawajaonana tangu hukumu. Marehemu alimsogezea wali wake wa wodini, akamwambia ale kwanza, na sisi tuliokuwepo tukajua hayo yalikuwa mahojiano, naye kaka akajua, akala. Kisha akaulizwa. Akajibu kwamba alijua tangu dumu la kwanza, kwa sababu kama angeacha kutuletea sisi ndugu tungehoji, na baadaye akazoea. Marehemu akamwambia amalize chakula. Hakusema amesamehe, na mimi sitamwongezea. Alifariki tarehe 22, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani walioleta maji na viti, na askari wenzake waliobeba jeneza. Ameacha mjane, watoto wawili, mimi, na kwa agizo lake anatajwa kwa heshima kaka yake aliyemsomesha, yule aliyekaa peke yake pale mwisho, mpisheni apite mbele. Aliagiza pia kwamba tukitoka kaburini mtu yeyote asimuulize kaka neno lolote kabla hajala.

Umemaliza kazi, mdogo wetu, pumzika sasa, na amani iwe nawe.