Udongo wa Nyumbani na Moyo Uliokimbia

Akina mama, na nyinyi wanaume wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka, nawasalimu. Mungu aliyenifikisha kwenye maombi haya ya Yoba, hapa mjini Gitega, nikiwa hai ndiye aliyewaleta na nyinyi, basi tusikilizane. Sitataja jina la mtu. Wengine wamo humu humu, na wakianza kuinama mtawajua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa kambini. Nilizaliwa upande wa Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia wakiwa vijana. Shule niliiacha darasa la tano. Akili ilikuwepo, tatizo lilikuwa miguu. Nikisikia kuna soko nyuma ya kilima, lazima nikalione. Nimeuza dagaa, nimesuka nywele, nimewapikia mafundi wa barabara, na kila nilikopita niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka. Hata leo nikimwona mtu anatengeneza redio nasimama.

Lakini nianze na mama yangu, maana bila yeye hamtaelewa woga wangu.

Nilikuwa msichana mdogo alipobeba mimba yake ya mwisho. Watu waliokwenda Burundi kwa siri na kurudi walikuwa wakimletea udongo wa Nyarusange, mkoani Gitega, alikotoka yeye na baba, udongo mwekundu, umefungwa kwenye kitambaa. Nyinyi mliokulia kambini mnajua. Wengi walikuwa nao. Wengine waliuweka juu ya mlango, wengine chini ya mto wa kulalia. Mama aliula. Kipande baada ya kazi, kama mwingine anavyokunywa chai. Sisi watoto tulipocheka, baba alisema, "Mwacheni. Ana hamu ya kwao."

Kisha moyo wake ukaanza kukimbia. Alikuwa anakaa nje ya nyumba ameshika kifua, ananiita, "Njoo usikie." Nikiweka sikio nasikia kama mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa hasira. Na yeye anacheka kidogo, anahema.

Alikufa siku ya kujifungua, na mtoto naye. Shangazi waliomwosha walisema kucha zake zilikuwa nyekundu kwa udongo. Hakuna aliyeshangaa. Walisema angalau amekwenda na kwao mkononi. Nikayabeba maneno hayo miaka yote kama kitu kizuri.

Amani ilipokuja tukarudi. Mimi nikaishia Muyinga, nikapata mume, naye ni mtu aliyerudi kama mimi. Mama yake hakuwahi kukimbia. Alikaa kwenye kilima chake vita vikampita juu ya kichwa. Nikashika mimba, tukafurahi.

Siku moja nilikuwa napepeta maharage uani. Moyo ukaruka. Ukasimama. Halafu ukaondoka mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Nikaweka ungo chini, nikajishika ukutani. Kuku walikuwa wanakula maharage yangu na sikuweza hata kuwafukuza.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwaza kitu kingine chochote. Niliwaza sikio langu kwenye kifua cha mama.

Ukarudi kesho yake. Ukarudi nikichota maji, ukarudi nikiwa nimekaa tu. Ikafika mahali nikijilaza ubavuni nausikia ndani ya sikio, unatwanga, unatwanga. Mimi na tabia yangu nikawauliza watu wote. Mmoja akasema ni mtoto wa kiume, ana nguvu. Mwingine akasema kuna mtu ananitaja vibaya. Mama mkwe akasema:

"We mukazana, mke ya mwanangu, moyo yako iko nakimbia sababu haijafika kwao. Umerudi Burundi, lakini kwa baba yako hujafika. Nenda kule Gitega, ule udongo ya kwenu. Itatulia."

Na mimi, niwaambie ukweli, mate yalinijaa mdomoni. Nilikuwa nautamani udongo tangu mimba ilipoanza. Mvua ikipiga ukuta, ile harufu, naweza kulia. Nikasema basi, ni kweli, mwili wangu unajua njia kuliko mimi.

Mume wangu akanipeleka Nyarusange. Ndugu wa baba walitupokea vizuri, wakatuonyesha kiwanja cha baba. Nyumba ilikuwa imebaki msingi tu, na pale palipokuwa jiko palikuwa na kichuguu kimeota. Shangazi mmoja akavunja kipande kwa jembe, akanipa kwa mikono miwili kama anayetoa zawadi. Nikala. Nikalia. Wote wakalia. Na siku ile moyo ulitulia kabisa.

Hapo ndipo niliponaswa. Ungeendelea kukimbia siku ile, labda ningeshtuka.

Tukajenga chumba kimoja pale pale. Nikawa nauza maparachichi soko la Makebuko, na udongo wangu nimeufunga kwenye kona ya kitenge. Wenzangu sokoni walikuwa wananitania. "We, punguza! Utajifungua tofali!" Mwingine anadakia, "Acha ajifungue tofali, si wanajenga?" Tulicheka sana. Nilicheka mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, na wao wakaendelea kucheka wakidhani bado nami nacheka.

Mimba ilikua, na moyo ukaharibika zaidi. Kupanda njia ya kwetu nilikuwa nasimama kila baada ya miti miwili mitatu. Ulimi ulikuwa mweupe. Nikiamka, macho yanaona vimulimuli. Na kila ulipokimbia, nilikula udongo zaidi, maana si ndiyo dawa?

Asubuhi moja nilikuwa namenya ndizi, nikatazama mikono yangu. Kucha zilikuwa nyekundu. Niliosha, zikabaki nyekundu pembeni, na katikati nyeupe kama za maiti. Nikamwita mume wangu.

"Nikienda," nikamwambia, "mtoto akibaki, asikulie mbali na hapa."

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninachosema."

Akachukua kisu mkononi mwangu, akamenya ndizi zote mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Kesho tunakwenda mjini kununua kitenge cha kumbebea mtoto. Wewe ndiye utakayekichagua." Ndiyo namna yake ya kubishana na kifo.

Tukaja hapa Gitega. Dukani alikuwepo mama mmoja Mwislamu, wa zile familia za asili ya Kihindi zilizokaa hapa siku nyingi. Alikuwa ananikunjulia vitenge, kimoja, kingine. Moyo ukaruka. Nikashika meza ya duka. Nikasikia sauti yake kwa mbali:

"Dada, we iko mweupe namna hii tangu lini?"

"Ni moyo tu," nikasema. "Utatulia."

"Tu? Moyo iko *tu*?" Akamgeukia mume wake aliyekuwa nyuma kwenye mizigo. "Acha hiyo! Leta gari! Gari, nimesema!" Na kwangu akasema polepole, "Usinunue kitu. Keti. Vitenge haviendi popote."

Wakatufikisha hospitali. Daktari akaniwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza sana, mbele na mgongoni. Akavuta kope langu la chini, akatazama. Akachukua damu. Majibu yalipotoka akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Mama, kuna kitu unakula ambacho si chakula?"

Nikamwambia bila kuficha, hata kwa fahari kidogo. Udongo wa baba yangu.

Akavuta kiti. Akanieleza kwamba damu yangu imekwisha karibu yote, na moyo unakimbia ili hiyo kidogo iliyobaki iwafikie wawili. Kwamba mwili uliopungukiwa damu mara nyingi ndio unaotamani udongo, na udongo ukiingia tumboni unazuia chakula kisiongeze damu, tena unaweza kuleta minyoo inayoinyonya. Kwamba kujifungua katika hali ile nisingepona. Akasema pia si kila moyo unaokimbia ni damu, mwingine ni ugonjwa wa moyo wenyewe, ndiyo maana amesikiliza sana.

Mimi nilikuwa nasikia kitu kimoja tu. Nikamwuliza, "Na mama yangu?" Nikamsimulia.

Akasema, "Mama yako sikumwona. Siwezi kusema." Kisha akauliza, "Alikula kila siku?"

"Kila siku."

Akatazama dirishani.

Miaka yote ile, akina mama. Ugonjwa ulikuwa umekaa mlangoni kwetu mchana kweupe, tukauita hamu ya kwao. Tuliupenda. Tulimletea mama kwenye kitambaa.

Walinitia damu. Wakanipa dawa za minyoo, vidonge vya kuongeza damu, wakanikataza udongo. Siku moyo ulipopunguza mwendo niliomba, kwa udadisi wangu, nisikilize kile kifaa mwenyewe. Muuguzi akacheka, akanipa. Nikasikia wangu, unakwenda polepole kama mtu anayerudi shamba. Kisha akashusha kifaa tumboni, nikasikia wa mwanangu, mwepesi, wa haraka. Nikashtuka. Akaniambia, "Huo uache ukimbie. Ndio mwendo wake."

Nilijifungulia hospitali. Ni huyu anayewapigia kelele huko nyuma.

Mama mkwe alikuja kutoka Muyinga na kibuyu cha uji wa mtama. Alikaa mlangoni, hakutaka kuingia. "Mi nilidhani iko nakuponya," akasema. Nikamwambia, "Mama, ulinipa ulichopewa na wewe." Nikamwekea mtoto mapajani, na uji tukaunywa pamoja.

Nawashukuru wale wa duka. Kitenge walinipa, na ndicho hiki. Namshukuru mtu aliyenitolea damu, ambaye sitamjua, na mume wangu kwa zile ndizi, na nyinyi mliokuja kuniombea wodini na kunifulia nguo. Mungu alinijibu kupitia mikono yenu wote.

Sisi tuliorudi tunaipenda ardhi hii kupita kiasi, kwa sababu tuliikosa. Tuilime. Tuzikwe ndani yake siku ikifika. Lakini moyo ukikukimbia na una mimba, nenda ukapimwe kwanza, maombi yatakukuta huko huko.

Nimalize. Nimesema sitataja mtu, na sitamtaja. Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na tangu nianze kusema kuna mmoja humu anatafuna polepole, mkono uko kwenye kona ya kitenge, na ngazi tatu za pale nje zilimkalisha alipofika. Dada yangu, tukifunga maombi nitakuwa mlangoni. Sitakuuliza kitu. Wewe nipite tu polepole, nami nitakufuata, tutakwenda wote.