Gemu ya Funguo na Sikio la Yohana

Bwana asifiwe, wapendwa! Naomba mniitikie kwa nguvu kidogo, maana naogopa, na mimi nikiogopa nasahau nilichotaka kusema. Haya, asanteni. Mungu awabariki.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Tumaini, mwalimu wa darasa la tatu kule Mwandiga, ila nimezaliwa hapa hapa Ujiji na nimebatizwa katika kanisa hili. Mnaonijua mnajua pia kwamba nina mdomo na nina hasira za karibu. Mwenyekiti wa kina mama, usiiname, wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia! Leo nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonifungua kutoka kwenye uongo niliokaa nao zaidi ya miaka thelathini. Na alinifungua kwa kutumia gemu. Ndiyo, gemu, hizi za kwenye TV. Naona wazee mnatazamana. Nivumilieni, mtaona.

Ndugu zangu, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mjomba wetu alikuwa anafanya biashara ya vitenge Bujumbura, akatuletea TV. Baadaye akatuletea na mashine ya gemu, aliyoinunua kwa mtu aliyetoka Dubai. Fundi akaja, akaunganisha nyaya zake, akatikisa kichwa, akasema, "Picha itakuja, rangi haziji. TV hii ni ya nchi za Kifaransa, gemu ni ya nchi nyingine. Hazielewani." Sisi tukasema rangi za nini bwana! Tukakaa chini na gemu yetu nyeusi na nyeupe, tukajiona matajiri wa mtaa.

Kaseti ilikuwa moja tu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu Ujiji nzima aliyeweza kuzisoma, kwa hiyo tukaiita Funguo. Wanacheza watu wawili. Mmoja anabeba taa, mwingine anabeba funguo, mnapita chumba kwa chumba ndani ya jumba kubwa lenye giza. Mwenye funguo akichukua ufunguo usio wa mlango ule, dari linawaangukia wote wawili na mnaanza upya. Mimi nilibeba taa. Mdogo wangu Yohana, wakati ule ana miaka tisa, alibeba funguo. Mimi namwambia "genda, genda!" yaani nenda, na yeye anakimbia nyuma ya taa yangu anacheka. Mawe, mama yangu! Tuliipenda ile gemu, wapendwa. Tulikuwa tunaizungumza hata tukichambua mchele.

Chumba cha tisa ndicho kilichotushinda. Kwingine funguo zilitofautiana umbo, lakini hiki kina mlango mmoja, na ukutani kuna funguo mbili, mmoja juu na mwingine chini. Kwa macho yetu zilikuwa mapacha. Siku moja tulichukua wa juu tukafa. Kesho yake tukarudi, tumepita vyumba vinane bila kosa, jasho linanitoka, nikamwambia Yohana, "Leo chukua wa chini." Akasema, "Hapana dada, wa juu." Akachukua wa juu. Dari likaanguka.

Nikamgeukia nikampiga kibao. Ndugu zangu, nimewahi kupiga vibao vingi, Mungu anisamehe, lakini kile nilikipiga kwa nguvu zangu zote. Kikampata sikio la kushoto. Akaanguka ubavu, na alipoinuka kulikuwa na damu kidogo, uzi mwembamba, ikishuka shingoni. Hakulia. Ananiangalia tu.

Mama alikuwa sokoni. Baba yetu, wengi mnamkumbuka, alikuwa mzee wa kanisa hili na mkali kama pilipili. Alikuwa ametukataza kupiga mbizi ziwani. Nikajua nikisema ukweli nimekwisha. Baba alipouliza, nikawahi mimi kujibu, nikasema, "Yohana alipiga mbizi, maji yamemwingia sikioni." Nani angeshangaa? Watoto wa ziwani kila nyumba ina mmoja anayeumwa sikio kwa mbizi. Baba akamchapa kwa kutotii, na mimi nimesimama mlangoni nasikia. Zahanati wakasema ngoma ya sikio imepasuka. Likatoa usaha wiki kadhaa, likapona, lakini upande ule hakusikia tena mpaka leo.

Nikakua. Nikaokoka, nikaimba kwaya, nikawa mwalimu. Yohana akahamia Mwamgongo akawa mvuvi, na hapa kanisani hakukanyaga tena. Watu wakisema amerudi nyuma kiroho, na mimi nilitikisa kichwa pamoja nao! Ona ujasiri wa shetani. Nikawa naomba mbele za watu, "Bwana mrudishe Yohana," na huku najua kabisa moyoni mwangu kuna kitu.

Na ile gemu sikuiacha. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwenzangu mmoja alikuwa na kale kagemu ka kushika mkononi, kioo chake kina rangi ya maji ya kisamvu. Nikaikuta Funguo mle ndani! Nilimsumbua yule dada mpaka akawa ananificha. Lakini ile ya mkononi mtu anacheza peke yake, anabeba taa na funguo vyote, na chumba cha tisa hakikuwekwa. Baadaye nikaajiriwa, nikasikia pale Mwanga kuna kibanda cha gemu chenye mashine kubwa na TV ya rangi. Nikaenda, mwalimu mzima na kiremba changu, nikapanga foleni na watoto. Mmoja akaniita, "Shikamoo mwalimu, umekuja kutukamata?" Nikamwambia, "Marahaba, sogea nicheze." Ile ilikuwa inakimbia kupita kiasi, mashine nyingine zina mwendo wake, nikafa chumba cha nne. Nikarudi tena na tena. Kila mara cha nne, cha tano, basi.

Mtaniuliza, mama, ulikuwa unatafuta nini? Kwa miaka mingi nilijiambia naipenda tu, inanikumbusha utoto. Uongo mwingine huo! Nilikuwa nataka kufika chumba cha tisa nichukue ufunguo wa chini, mlango ufunguke, nijue kwamba Yohana alikosea. Nilitaka kile kibao kiwe cha haki. Mtu mzima, naimba kwaya, na bado nashindana na mtoto wa miaka tisa.

Sasa, likizo iliyopita Mungu akasema imetosha. Pale shuleni tuna mwalimu mwenzetu, Mwalimu Zuhura, dada wa Kiislamu kutoka Tanga, amehamishiwa kwetu juzi juzi. Mpole, ananukia udi, na ana kompyuta yake ndogo anayoipenda kuliko chakula. Mchana mmoja tumemaliza kusahihisha mitihani, akaniambia ana kitu humo kinachoweza kuigiza mashine zote za gemu za zamani. Nikamsimulia Funguo ilivyo. Hakuchukua muda, akaipata. Ndiyo ile ile! Ule muziki ulipoanza, nywele zilinisimama.

Tukakaa ofisini, mimi nikashika taa, yeye funguo. Yeye mchezaji jamani, na ile kompyuta inakuruhusu ukifa uendelee ulipoishia. Tukafika chumba cha tisa. Zuhura akasimamisha mtu wake, akaniuliza kwa ile sauti yake ya taratibu, "Haya shoga, mlango mwekundu huu. Nichukue ule mwekundu wa juu, sivyo?"

Nikamwambia, "Mwekundu upi?"

Akanishangaa. "Si huo? Juu mwekundu, chini kijani. Mwenzangu, huoni?"

Nikaangalia vizuri, maana macho yangu yalikuwa kwa wa chini tu. Wapendwa, naapa nilikuwa sijawahi kuona. Wa juu ulikuwa mwekundu na wa chini wa kijani, na mlango mwekundu kama damu. Zuhura akachukua wa juu, mlango ukafunguka. Nikamwambia turudie. Tukarudia, safari hii mlango ukaja wa kijani. Tukarudia tena, na funguo zenyewe zikawa zimebadilishana. Kila ukiingia vinabadilika. Kwa ile TV yetu ya Ujiji hakuna jicho la binadamu ambalo lingeweza kujua. Yohana alibahatisha, na mimi na amri yangu ya "wa chini" nilikuwa nabahatisha vilevile. Nilimpasua mtoto sikio kwa kosa ambalo halikuwepo!

Nililia pale ofisini mpaka Zuhura akafunga mlango. Nikamweleza yote. Yule dada hakunibembeleza. Akasema, "Pole. Lakini hata angekosea, ungekuwa na ruhusa ya kumpiga hivyo?" Nikatikisa kichwa. Akasema, "Na mwenye haki yake yupo hai, Mwamgongo. Unalia hapa kwangu kwa nini? Mimi hukunipiga." Ndugu zangu, nimehubiriwa na wachungaji wengi, lakini siku ile Bwana alimtuma dada wa Kiislamu kutoka Tanga.

Jumamosi nikapanda boti pale bandari ya Kibirizi. Nilimkuta Yohana ufukweni anaanika dagaa na mke wake. Akafurahi, "Dada! Karibu, mbona hukusema?" Shemeji akaenda kupika. Nikakaa upande wake wa kulia, kama tunavyokaa wote, tumezoea kiasi kwamba hatuulizi tena kwa nini. Nikamweleza habari ya ufunguo mwekundu, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikasema, "Kile kibao nisamehe, mdogo wangu."

Akaendelea kugeuza dagaa. Halafu akasema maneno ambayo sikuyategemea. "Dada, kibao nilishasamehe kabla sijaota ndevu. Kila mtoto amepigwa kibao. Lakini mimi nilimwambia baba ukweli. Umesahau?"

Mawe. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimezika, na juu yake nikajenga nyumba. Wiki ile ile Yohana alimwambia baba, "Ni dada alinipiga." Baba akaniita. Nikamtazama baba usoni nikasema, "Anasingizia." Na Jumapili baba akamleta Yohana hapa mbele, hapa nilipo mimi sasa hivi, akamsimamisha, akasema mtoto huyu ana roho ya uongo, tumwombee. Kanisa zima likamwombea. Na mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu nimefumba macho.

Yohana akasema, "Tangu siku ile, chochote kikipotea nyumbani ni mimi. Nikisema naumwa, baba anasema naongopa. Alikufa hivyo hivyo. Nilipomuuguza mwezi wa mwisho, alikuwa ananiuliza kama kweli nimempa dawa." Akafuta mikono. "Mimi sina la kukusamehe hapa ufukweni, dada. Jina langu halikuharibiwa hapa. Kasemee palepale. Ukishasema, nitakujibu."

Ndugu zangu, nilirudi na lile boti nimeinama. Nilifikiria mengi. Nilifikiria heshima yangu, kwaya, wanafunzi wangu watasemaje. Nilifikiria hata kumtumia ujumbe wa simu tu yaishe. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimezeeka. Nikaanza na mama yetu, anaishi Rusimbi. Nikamweleza. Mama akasema, "Nilijua kuna kitu. Niliogopa kuuliza, nikaogopa na baba yenu. Na mimi nina kosa langu." Tukalia wote wawili. Jumanne nikaja kwa mchungaji, nikaomba nafasi hii.

Basi sikilizeni vizuri. Wazee mliokuwepo siku ile, najua bado mpo, wengine mliweka mikono juu ya kichwa chake. Yohana hakuwa na roho ya uongo. Hakupiga mbizi. Mimi nilimpiga, mimi nikadanganya, na baba aliponiuliza nikadanganya mara ya pili. Mtoto aliyesema ukweli katika nyumba ile alikuwa Yohana peke yake. Mwongo nilikuwa mimi! Mkikutana na mtu yeyote aliyewahi kumsema vibaya, mwambieni mmesikia kwa kinywa cha dada yake mwenyewe.

Namshukuru Mungu, maana nimesema na sijafa. Namshukuru kwa ajili ya Zuhura, na kwa ajili ya mama, yule pale. Na wewe uliyekaa hapo, kama kuna mtu umempa jina lisilo lake, mtoto wako, mkeo, mfanyakazi wako uliyesema ameiba, usimlilie Mungu chumbani peke yako. Nenda pale ulipomharibia, useme palepale. Utaogopa, mimi hapa bado naogopa. Lakini mwamini Mungu, atakushika, maana hata sasa mimi si kwa nguvu zangu nimesimama.

Yohana amekuja leo. Ameingia wakati wa nyimbo, amekaa karibu na mlango. Bado hajanijibu, na simlazimishi. Hata akitoka bila kusema neno, Mungu bado ni mwema, kwa sababu jina la mdogo wangu limerudi.

Yohana, mdogo wangu, nisamehe.

Wapendwa... amesimama. Mpisheni. Kina mama, naomba msogeze hilo benchi, anakuja mbele. Mpisheni, ndugu yangu apite!