Fundi Woga na Kifaru cha Mteremkoni

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa tatu wa mpasua mbao na mkewe, katika nyumba ya mabati iliyopakana na kiwanda cha mbao. Mama yake alipenda kusimulia kwamba msumeno ulipowashwa asubuhi ya kwanza, kichanga kilishtuka kikanyoosha mikono yote miwili, na tangu siku hiyo hakikuzoea. Aliogopa upepo juu ya paa, aliogopa jiko la mafuta, aliogopa kisima. Hakuna anayesema hivi kumdhalilisha. Mwenyewe alicheka alipoitwa Fundi Woga, akajibu kila mara: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1960 hadi 1967. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake alimkabidhi funguo za madarasa yote, kwa kuwa alikuwa mtoto pekee aliyerudi kuangalia kama mlango umefungwa kweli.

Januari 1969 aliingia gereji iliyo juu ya mteremko, hii hii ambayo tumekusanyika uani mwake. Mwaka huo ndipo lilipoingia mjini toleo la kwanza la lile gari refu la milango mitano ambalo watu walilibatiza Kifaru. Toleo hilo liliitwa Kifaru Sanduku, maana halikuwa na kona hata moja ya mviringo. Liliruka kwenye mashimo kama mbuzi, na breki zake zilichoka zikipata joto. Katikati ya mteremko pedali ililegea, ikazama hadi sakafuni, na dereva akapaswa kuikanyaga na kuiachia, kuikanyaga na kuiachia, mpaka ipate nguvu. Mguu wa marehemu ulijifunza hivyo, na mguu ukishajifunza hausahau.

Mwaka 1971 mafundi wawili wa gereji walifunga breki za Sanduku la mteja mmoja. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshatoa upepo kwenye mabomba ya breki na kukaza nati zake. Gari likakabidhiwa, likaanza kushuka, na marehemu akaona matone ya mafuta ya breki pale lilipokuwa limeegeshwa. Alikimbia nyuma yake akipiga kelele. Katika kioo cha nyuma mtoto wa mteja alimwona, akadhani ni mchezo, akampungia mkono. Alimpungia hivyo mpaka chini, ambapo Mungu alikuwa ameweka rundo la mchanga wa wajenzi. Hakuna aliyeumia. Lakini ule mkono mdogo ulimwamsha marehemu usingizini kwa miaka mingi.

Ndipo akajiwekea sharti lililokuja kuwa sheria ya gereji. Gari likishatengenezwa, halikabidhiwi mpaka fundi aliyelitengeneza alishushe mteremko hadi darajani, na kando yake akae mtu anayempenda. Wenzake walimwambia amechanganyikiwa. Yeye alisema woga wa kujifia mwenyewe ni mdogo mno, haumfanyi mtu akaze nati.

Tatizo ni kwamba wakati huo hakuwa na mtu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mshonaji, binti mcheshi mwenye ulimi. Siku moja marehemu alisimama mlangoni pake, mikono imejaa grisi.

"Dada, nina gari la kujaribu, na sina wa kumpakia."

"Kwani mimi gunia la mchanga?"

"Ningetaka gunia ningepakia gunia. Nataka mtu ambaye akipotea, nami sina maisha."

Mshonaji huyo, ambaye leo ndiye Mama wa familia hii, husema hajawahi kuambiwa neno la kutisha kama lile. Aliweka mkasi chini, akapanda. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1978, wakajaliwa mwana na, baadaye, binti.

Mwaka 1985 lilikuja toleo la pili, Kifaru Macho, lenye taa za duara na springi zilizoacha kurusha watu. Marehemu aliliogopa kwa miezi kadhaa, kisha akalizoea. Mwaka 1998 lilikuja la tatu, linang'aa pande zote, gia zinajibadilisha zenyewe. Watu wakaliita Kifaru Bibi Harusi. Hilo hakulizoea kamwe, na sababu familia nzima inaijua.

Ilikuwa alasiri ya mvua, Aprili 1999, marehemu akijaribu Bibi Harusi la mteja. Mama alikaa mbele. Binti, wakati huo msichana wa miaka kumi na miwili, alikaa nyuma. Walipokaribia daraja marehemu alikanyaga breki, na pedali ikaanza kutetemeka na kunguruma chini ya mguu wake. Sanduku halikuwahi kufanya hivyo. Aliamini breki inavunjika. Akanyanyua mguu, akakanyaga tena, akanyanyua, kama alivyofundishwa na gari la ujana wake.

"Inatetemeka! Inatetemeka!"

"Baba, kanyaga!" binti alilia.

Alivuta breki ya mkono. Gari lilizunguka, likavunja ukingo wa daraja, likasimama tairi moja likizunguka hewani juu ya maji. Mama alitoka kupitia dirisha, akapanda mteremko kwa miguu, kiatu kimoja mkononi. "Hilo jinamizi lenu," alisema, "mimi basi." Hata harusi ya mwanawe alikwenda kwa teksi.

Baadaye fundi wa kampuni alimweleza marehemu kwamba kule kutetemeka ndiko breki kufanya kazi. Aina hiyo haitaki kuachiwa. Kutetemeka kwake ni kuzuia matairi yasiteleze. Marehemu aliketi juu ya tairi bovu. Mwenye gari alilikataa, naye akalinunua, likakaa uani chini ya turubai. Hakushika tena usukani wa Kifaru chochote. Binti alipokuwa fundi, akawa yeye ndiye anayeshusha magari, na baba ndiye anayekaa kando, ameshika mlango, akirudia kila safari: "Ikitetemeka, usinyanyue mguu."

Mwaka 2018 lilipofika toleo la nne, linalotembea kwa umeme na petroli bila sauti, walilipa jina Kifaru Bubu. Marehemu alitega sikio kwenye dashibodi.

"Limewaka?"

"Limewaka, Baba."

"Una hakika? Mtoto asiyelia ananitisha kuliko anayelia."

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari aliutaja ugonjwa, akasema dawa zitautuliza tu. Alihofu sana, na hakuficha. Alihofu kikombe, ngazi, na kufa. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, akiwa kitandani kwake, mwili wote ulitetemeka, na binti aliyekuwa amemshika mkono akataka kukimbia kuita watu. Baba alimvuta. "Usiachie," alimwambia. Hakuachia, mpaka mkono ulipotulia.

Marehemu aliomba ashushwe mteremko kwa Bibi Harusi lile lile, baada ya binti kulifufua. Binti amelitengeneza kwa siku tatu, na breki amezifunga mwenyewe. Hajaficha kwamba anaogopa. Mvua ya juma hili haijakatika, barabara inateleza, na makaburi yako ng'ambo ya daraja. Kaka yake alitaka kukodi gari lingine. Juzi, kwenye kikao cha familia, binti alikubaliana naye, akasema sharti la Baba lenyewe limeshindikana: aliyekuwa akikaa kando yake ndiye atakayelala nyuma, ndani ya jeneza.

Mama alikuwa akishona kishikizo. Hakuinua kichwa.

"Nani kasema kando hakuna mtu? Mbele nakaa mimi."

"Mama, wewe si uliapa?"

"Niliapa. Na bado naogopa. Kwani baba yako alipakia wasioogopa?"

Kwa hiyo, baada ya wasifu huu kusomwa na mdogo wa marehemu, safari itaanza. Tunawaomba waombolezaji watembee nyuma, wasitangulie gari.

Marehemu ameacha mjane, mwana, binti, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mdogo wake, na gereji ambayo sheria yake haijabadilika.

Apumzike kwa amani, Fundi Woga. Litatetemeka, na mguu hautanyanyuka.