Kibao cha Hamsini

KISYERI: Haloo, steshenari hapa. Naongea na nani?

RHOBI: Ni mimi, Rhobi.

KISYERI: Aa, dada. Nimeona namba ngeni. Shikamoo.

RHOBI: Marahaba. Ni simu ya shemeji yako. Una wateja hapo?

KISYERI: Hakuna. Naprinti vile vibao vya kwenu Nyanungu, vya makaburi yanayohamishwa kupisha bwawa. Gari la mkandarasi linavipitia saa tisa.

RHOBI: Hivyo vibao ndiyo sababu nimepiga.

KISYERI: Wasiwasi wa nini? Nimefika themanini na kitu. Vyote ni mia moja kumi na nane.

RHOBI: Unaandika kimoja kimoja?

KISYERI: Ningezeeka, dada. Kuna amri fupi, seq. Unaiambia anzia moja, ishia mia moja kumi na nane, kompyuta inazimwaga namba zote zimefuatana. Ukiongeza dashi na dabliu inajaza sifuri mbele, kwa hiyo moja inatoka sifuri sifuri moja. Halafu kila namba inavuta jina lake kwenye orodha ya mhandisi. Mstari wa kwanza, namba ya kwanza, hivyo hivyo mpaka—

RHOBI: Sisi tuko wapi?

KISYERI: Ngoja... Kwa shemeji Werema. Arobaini na saba, arobaini na nane, arobaini na tisa. Babu yake, baba yake, mama yake. Hamsini inaanza kwa jirani yenu, Mzee Nyangwine.

RHOBI: [anahesabu kwa kunong'ona]

KISYERI: Dada? Umekata?

RHOBI: Nipo.

KISYERI: Kuna jina limekosewa?

RHOBI: Hayajakosewa.

KISYERI: Sasa—

RHOBI: Ni manne.

KISYERI: Sijasikia, mtandao unakwaruza. Manne nini?

RHOBI: Makaburi ya kwetu. Ni manne. Wapima ardhi walipokuja nilikuwa kisimani. Walimkuta Werema, wakamuuliza, akasema matatu.

KISYERI: Alisahau?

RHOBI: Sijui.

KISYERI: La nne ni la nani?

RHOBI: Ule mwaka ulikuwa chuo, Musoma. Ulipiga simu ukauliza nimejifungua nini.

KISYERI: Mama aliniambia... aliniambia mimba iliharibika.

RHOBI: Haikuharibika. Aliishi siku nne.

[Mtandao unakwaruza.]

KISYERI: Dada.

RHOBI: Yuko nyuma ya ghala, pembeni ya mama mkwe. Ni mawe matatu na majani. Wapima wasingeona kitu.

KISYERI: Mbona hukuniambia?

RHOBI: Jumatatu wanachimba wenye vibao tu, si ndiyo?

KISYERI: Ndiyo.

RHOBI: Na maji wanafungulia lini?

KISYERI: Mwezi ujao, wanasema. Dada, sikiliza. Hii siyo kazi kubwa. Pale mwisho naweka mia moja kumi na tisa badala ya kumi na nane, kibao kinatoka saa hii hii.

RHOBI: Na kule wanakohamishiwa atawekwa wapi?

KISYERI: Kule juu wanazika kwa kufuata namba. Huyo atakuwa mstari wa mwisho, karibu na wale wa ng'ambo ya mto.

RHOBI: Hapana.

KISYERI: Ila atakuwa amehamishwa—

RHOBI: Amelala na bibi yake miaka sita, mura, mdogo wangu. Kule ng'ambo hatumjui mtu.

KISYERI: Haya. Ngoja nifikiri.

RHOBI: Huwezi kuandika arobaini na tisa mbili?

KISYERI: Wataona nimerudia, watang'oa kimoja. Bora niingize mstari kwenye orodha ya majina, chini ya mama mkwe. Seq yenyewe haijui nani ni nani, inahesabu tu. Yeye anachukua hamsini, Mzee Nyangwine anaanza na hamsini na moja, wote wa nyuma wanasogea, mwisho unakuwa mia moja kumi na tisa.

RHOBI: Na vile ulivyoprinti?

KISYERI: Kuanzia hamsini navitupa. Narudia.

RHOBI: Bosi wako?

KISYERI: Nitaongea naye. Shida siyo bosi. Fomu ya familia ina saini ya shemeji, na imeandikwa matatu. Jumatatu wakimuuliza?

RHOBI: Yuko hapa kwenye benchi. Nilipomwomba simu nilimwambia nakupigia wewe, na kwa nini.

KISYERI: Akasema nini?

RHOBI: Hajasema. Alinipa tu.

KISYERI: Atasaini upya?

RHOBI: Ananitazama. Ametikisa kichwa kukubali.

KISYERI: Sawa. Nimefungua orodha. Niandike jina gani?

RHOBI: Andika mtoto.

KISYERI: Mtoto tu?

RHOBI: Hatukumpa. Siku nne ni kidogo. Andika mtoto wa Werema.

KISYERI: Naandika. M, t, o—

RHOBI: Ngoja.

KISYERI: Nini?

RHOBI: Subiri kidogo. Anaongea. Anasema Felista.

KISYERI: Felista?

RHOBI: Felista Werema. Anasema alimwita hivyo siku ya pili, akiwa amempakata.

KISYERI: Na wewe hukujua?

RHOBI: Nilikuwa nimelala. Nilikuwa na homa.

KISYERI: Kwa hiyo niandike hivyo?

RHOBI: Andika. Halafu nisomee.

KISYERI: Nairusha upya... inatoka. Arobaini na nane, baba mkwe. Arobaini na tisa, mama mkwe. Sifuri hamsini, Felista Werema. Hamsini na moja, wa kwanza wa Mzee Nyangwine.

RHOBI: Kimeandikwa kwa herufi kubwa?

KISYERI: Sawa na vingine vyote. Dada, unalia?

RHOBI: Hapana. Silii. Hata sijui nasikia nini.

KISYERI: Jumapili nakuja.

RHOBI: Njoo na pikipiki ya asubuhi, mchana hazipatikani.

KISYERI: Mpe shemeji simu nimsalimie.

RHOBI: Hayupo. Ameinuka.

KISYERI: Ameenda wapi?

RHOBI: Amechukua fyekeo, yuko nyuma ya ghala. Naona anafyeka majani.

KISYERI: Mwenyewe?

RHOBI: Mwenyewe. Ngoja niende, Kisyeri, atayakanyaga yale mawe, hakumbuki yako wap—

KISYERI: Haya, nenda. Dada? Haloo? Salio limeisha nini. Haloo?